Theluji ya Machi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Machi imeingia, baridi imekwisha." Kila mwaka nawasikia ndugu zetu wageni hapa Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, wakisema hivyo, na wengine huanza kugawa makoti. Wasigawe kwanza. Machi hewa yenye unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Meksiko na kukutana na baridi ya Kanada ambayo bado haijaondoka, na hapo ndipo dhoruba kubwa huzaliwa. Ile iliyoifukia New York ilipiga kuanzia tarehe 11 hadi 14 Machi 1888 na kuua watu zaidi ya 400.

Wapo wanaosema theluji hii ya mwisho iachwe iyeyuke yenyewe. Huyeyuka kweli, mchana. Usiku maji yale yale huganda, na asubuhi ngazi zimekuwa barafu tupu. Ndiyo maana jiji linamtaka mwenye nyumba asafishe njia ya waenda kwa miguu ndani ya saa 24 tangu theluji ikome.

Wala theluji hii si nyepesi. Ya Januari ni kavu, upepo unaipeperusha. Ya Machi imejaa maji, na beleshi moja linaweza kupita kilo 5. Ule ukuta wa theluji unaoachwa na greda la kusafisha barabara mdomoni mwa njia ya gari ni mzito zaidi. Hapa naomba sana tuwaangalie wazee. Watu hudhani hatari ni kuteleza tu, kumbe baridi hubana mishipa ya damu na kunyanyua mzigo hupandisha presha, moyo ukabebeshwa yote mawili. Kila mwaka Marekani kuna watu wanaokufa kwa mshtuko wa moyo wakichota theluji. Ukimwona jirani mwenye umri ameanza, vuka barabara, msalimie, mpokee beleshi. Sukuma badala ya kunyanyua, chota kidogo kidogo, pumzika. Kifua kikibana, acha na upige 911, namba ya dharura.

"Majuu kila mtu na lake." Sikubali, na dhoruba ndiyo ushahidi wangu. Mtaani kwetu mwenye mashine ya kurusha theluji haishii kwake. Huunganisha nyumba kwa nyumba hadi kona. Gari likikwama, watu wasiojuana hulisukuma huku mmoja akimwaga mchanga mbele ya tairi. Ukitaka kuongeza lako, fukua bomba la zimamoto, kisha pale kona njia inaposhuka barabarani, maana mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuupanda ukuta wa greda.

Kuhusu watoto: mafua huletwa na virusi, si na kucheza kwenye theluji. Mvishe mtoto glovu zisizopitisha maji, umtoe nje. Theluji ya Machi ndiyo inayoshikana. Ile kavu ya Januari humfinyangi nayo mtu wa theluji akasimama. Kwangu hii ndiyo siku tamu kuliko zote za majira ya baridi, watoto wa mtaa mzima wakiwa mlimani wanateleza.

Pombe haikupi joto. Hupanua mishipa ya ngozi na kulitoa joto ulilo nalo. Chumvi ya kuyeyushia barafu nayo, baridi ikishuka chini ya nyuzi -9 hivi za Selsiasi, karibu haifanyi kazi, mwaga mchanga.

La mwisho ndilo linaloniuma. Umeme ukikatika, wengi wetu tuliokulia kwenye jiko la mkaa tunadhani kufungua dirisha kidogo kunatosha. Hakutoshi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na nyumba za huku zimezibwa kuzuia baridi. Desemba 2006, dhoruba ya upepo ilipokata umeme jimbo la Washington, wahamiaji wengi, Wasomali wakiwemo, walipata sumu hiyo kwa kuwasha mkaa ndani. Jenereta pia ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, na bomba la moshi la gari lifukuliwe kabla ya kuwasha injini. Kwa hiyo giza likiingia, piga hodi kwa jirani mgeni, uliza wanapataje joto, na kama hawana, walale kwako.