Kilo 1,240 zimegeuka kilo 1: recv ilivyonitesa

Msimu wa korosho nilikuwa Mtwara mjini naandika kaseva kadogo kwa C, kazi yake moja tu, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kule kijijini anatuma kwa brauza ya simu, kwa HTTP, lugha ile ile ya kurasa za wavuti, orodha ya wakulima wa siku hiyo na kilo zao, mi napokea naandika kwenye faili. Kwenye laptopu yangu ilikuwa inakubali safi kabisa. Imeenda Newala siku ya kwanza tu simu inaita: "Kaka, mbona mkulima wa mwisho huko kwako ana kilo 1? Mi nimeandika 1240!" Na waliomfuata hawapo kabisa.

Kosa langu. Niliita recv (fanksheni ya C ya kupokea data ya mtandao) mara moja na bafa (nafasi ya kumbukumbu ya kupokelea) ya baiti 4096 nikajua ombi zima limeshaingia. TCP (utaratibu unaosafirisha data mtandaoni) haijui kitu kinaitwa ombi bana, yenyewe inajua mtiririko wa baiti tu, na ile 4096 ni kiwango cha juu sio ahadi, unapewa kilichofika muda huo. Ukijijaribu mwenyewe ndani ya mashine moja huoni shida kwa sababu pakiti za humo ni kubwa mno, Linux inaruhusu mpaka baiti 65536, huku nje kwenye Ethernet (mtandao wa waya) kawaida ni 1500, ombi likizidi hapo linakatwa popote pale, hata katikati ya namba.

Sasa hivi nasoma kwa lupu. Kila kipande nakiunga nyuma ya vilivyotangulia halafu natafuta \r\n\r\n, ndo mwisho wa heda (maelezo ya mwanzo ya ombi), na naitafuta kwenye mkusanyiko wote maana hizo baiti nne zenyewe zinaweza kukatika, mbili huku mbili kule. Nikiipata nasoma Content-Length (heda inayosema bodi, yaani orodha yenyewe, ina baiti ngapi), napunguza baiti za bodi zilizokwisha kuingia, zilizobaki nazisubiri. Ni kama mtu akwambie naleta magunia kumi kwa bodaboda, yameshuka matatu, utafunga daftari? Na heda zikipita kilobaiti 8 bila mwisho nafunga, huyo ana yake.

Recv ikirudisha 0 ujue mwenzio kafunga, kama hesabu haijatimia tupa, usiandike nusu. Ikirudisha -1 angalia errno (namba ya kosa), ikiwa EINTR, yaani imekatizwa tu, rudia, vingine funga. Ila msije mkafanya nilichofanya mimi nilipoanza kurekebisha, kusoma mpaka ije 0. Haiji! Brauza inaacha njia wazi inasubiri jibu, seva nayo inasubiri brauza ifunge, mmekaa hapo kama wakwe. Weka SO_RCVTIMEO (kikomo cha muda wa kusubiri), mi nimeweka sekunde 10. Ombi la chunked (linalotumwa vipande vipande bila kutaja jumla) halina Content-Length, hilo nalikataa kwa 411 (jibu la "taja urefu"), sina muda nalo.

Siku hizi kabla sijapeleka popote nina kaskripti kanatuma baiti moja, kanalala kidogo, kanatuma nyingine. Ile seva ya zamani nilipoipa jaribio hili ilipata P ya POST (neno linaloanza ombi) peke yake ikajibu 400, yaani ombi bovu, papo hapo.