Je, wajua kwa nini Mfalme Dario aliandika habari zake mahali pasiposomeka?

Katika njia ya kale ya kutoka Babeli kwenda Ekbatana, magharibi mwa Iran ya leo, uko mlima wa Bisotun. Makumi ya mita juu ya ardhi, kwenye jabali lililosimama wima, Dario wa Kwanza wa Uajemi amechongwa ameshika upinde, mguu wake ukimkanyaga mtu aliyelala chali. Mbele yake wamepangwa mateka tisa, kamba shingoni. Kuzunguka picha kuna maelezo marefu kwa Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli. Mpita njia aliye chini hasomi hata neno moja. Sasa yote hayo ya nini?

Ufalme wake ulikuwa na walakini. Koreshi, mwasisi wa dola, aliacha wana wawili: Cambyses na Bardiya. Dario hakuwa mwanawe; alikuwa mlinzi tu wa Cambyses. Cambyses alipofariki mwaka 522 KK, kiti kilikuwa tayari mikononi mwa mtu aliyejulikana kama Bardiya. Miezi michache baadaye Dario na wenzake sita wakamuua.

Utetezi wake ndio uliochongwa pale: Bardiya wa kweli aliuawa zamani kwa siri na kaka yake, na huyu alikuwa kuhani mlaghai, Gaumata, aliyejifanya yeye. Ati dola nzima ilishindwa kumtambua mwana wa Koreshi! Wanahistoria wengi hawaimezi hadithi hiyo. Tena baba yake Dario, Hystaspes, na hata babu yake, Arsames, walikuwa bado hai. Kama kiti kilimjia kwa haki ya ukoo, mbona kiliwaruka wazee?

Alipotwaa kiti, Babeli, Elamu na Umedi ziliasi. Dario anajisifu kwamba alipigana vita 19 na kukamata wafalme tisa katika mwaka mmoja, na kila mmoja wao Dario anamwita mwongo.

Kwa wapita njia, picha ilitosha. Maneno yalisambazwa kwa nakala: moja imepatikana Babeli, nyingine, ya Kiaramu, kisiwani Elephantine huko Misri. Kule juu, hakuna hasimu ambaye angeyafikia kirahisi na patasi yake.

Aliyeyafikia ni Henry Rawlinson, afisa Mwingereza, kuanzia 1835, na nakala zake zikasaidia sana kufumbua mwandiko wa kikabari, yaani wa alama zenye umbo la kabari, uliotumika pale. Sehemu ya Kibabeli ilimshinda hata yeye. Ilibidi kijana mmoja wa Kikurdi aning'inie kwa kamba na kupiga chapa ya herufi kwa karatasi mbichi.