Eti darubini hurushwa angani ili zisogee karibu na nyota?

Hii naisikia sana, na jamani si kweli. Chukua Chandra, darubini ya eksirei ya NASA, ilirushwa Julai 1999, ikiwa mbali kabisa na dunia inafika kama kilomita 139,000 hivi, sasa nyota ya Capella iko miaka ya mwanga 42 na ushee (mmoja tu ni kama kilomita trilioni 9.5), hapo umesogea nini?

Sababu ni hewa yetu. Gesi ya nje ya Capella, ile korona, ina joto la nyuzi milioni kadhaa, na kitu cha moto hivyo kinatoa eksirei, ambazo angahewa inazimeza zote kabla hazijafika chini (bahati yetu kwa kweli), kwa hiyo hata ukapande Kilimanjaro na darubini kali namna gani huambulii kitu.

Halafu kazi yenyewe si picha tu. Chandra ina vyuzi vyembamba mno vya dhahabu vinavyotawanya eksirei kwa urefu wa mawimbi, unapata mistari, kila mmoja na urefu wake wa wimbi. Oksijeni iliyobakiwa na elektroni 2 inatoa mistari mitatu imekaa karibu karibu, nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 2.16, 2.18 na 2.21, na hapa ndo patamu: gesi ikisongamana, atomu zinagongwa na elektroni mara nyingi, ule wa 2.21 unafifia na wa kati unapanda, basi ukilinganisha hiyo miwili unajua gesi imebanana kiasi gani, wakati kwenye picha Capella ni kidoa tu.