Manowari ya kubeba ndege: neno "kubeba" ndilo linalotupoteza

Juzi jioni nilikuwa kwenye pantoni, natoka Magogoni kwenda Kigamboni. Tulisubiri kidogo ili kupisha meli iliyokuwa inaingia bandarini, ile ya magari, mraba kama kontena moja refu lenye madirisha machache juu. Kijana aliyesimama kando yangu akamwambia mwenzake, "Unaiona ile? Ndiyo manowari ya kubeba ndege." Mwenzake akatoa simu, akapiga picha. Bila shaka usiku ule picha ilifika kwenye magrupu na jina lake hilo hilo.

Ningeweza kuliacha lipite, lakini siyo mara ya kwanza. Mapema mwaka 2025, Iran ilipoonyesha meli yake ya droni, watu walibishana siku nzima kama ni manowari au siyo, na hakuna aliyeuliza manowari maana yake nini. Kabla ya hapo nilimsikia mtangazaji redioni akiita nyambizi "manowari", kana kwamba neno hilo ni la chini ya maji. Na meli nyeupe ya hospitali ya China, Peace Ark, ilipotia nanga hapa Dar, mtu mzima kabisa aliniambia nayo ni ya kubeba ndege kwa kuwa ina kiwanja cha helikopta tezini, yaani nyuma.

Maana yenyewe ni fupi. Chombo tunachokizungumzia ni meli ya kivita yenye sitaha bapa, kwa kawaida kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, ambayo ndege za vita huruka na kutua juu yake, na ambayo ndani yake ndege hizo hulazwa, hutengenezwa, hujazwa mafuta na kutiwa silaha. Ni uwanja wa ndege unaotembea baharini. Yanayotukosesha ni maneno mawili tuliyoyabandika kwenye maana hiyo.

Nianze na manowari. Neno hili tulilipata kwa Waingereza. Enzi za matanga meli yao ya vita waliiita man-of-war, na ukilifasiri neno kwa neno ni "mtu wa vita". Watu wa pwani walilisikia midomoni mwa mabaharia, wakalilainisha mpaka likakaa vizuri kwenye ulimi wetu: ma-no-wa-ri. Hizo ndizo meli zilizokuwa zikizunguka kati ya Pemba, Unguja na Kilwa karne ya 19, zikiyakamata majahazi yaliyobeba watumwa. Ndizo zilizoipiga kwa mizinga kasri ya Sultani wa Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896, vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Hapakuwa na ndege hata moja duniani siku ile, na manowari zilikuwapo. Kwa hiyo manowari ni meli ya vita, yoyote. Nyambizi ni nyambizi, ina jina lake, na meli ya hospitali haiwi manowari hata ikipakwa rangi ya kijivu.

(Meli nayo tuliipata hivyo hivyo. Inatoka kwenye mail, barua, kwa sababu vyombo vya mvuke vilivyofika pwani yetu ndivyo vilivyoleta barua. Kabla yake tulikuwa na chombo, jahazi, merikebu. Nitalirudia neno hili chini kidogo.)

Neno la pili, lile linaloniudhi hasa, ni kubeba.

Kubeba ni kazi ya mchukuzi. Nimefanya kazi bandarini miaka mingi nikihesabu mizigo, na nakumbuka helikopta iliyoletwa imelala ndani ya ngama, chumba cha mizigo cha chini, ya meli ya kawaida. Mapanga yake yalikuwa yamevuliwa na kuwekwa kwenye kasha la mbao pembeni, mwili wote umezungushiwa plastiki nyeupe, mikanda minne imeifunga kwenye pete za sakafuni. Winchi ikainyanyua polepole, ikaitua juu ya lori, mimi nikaandika kwenye karatasi: kipande kimoja, hakina dosari. Meli ile ilibeba ndege. Hakuna mtu gatini aliyefikiria kuiita manowari. Ndege ilikuwa mzigo kama gunia la mchele, haikuweza kuondoka pale kwa nguvu zake hata kama maisha yetu yangeitegemea.

Tofauti ipo hapo, na historia ya pwani hii inaionyesha kuliko kitabu chochote. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikaenda kujificha kwenye mikono ya delta ya Rufiji, ndani ya mikoko. Waingereza hawakuweza kuiona vizuri kutoka baharini. Wakamtafuta rubani mmoja aliyekuwa na ndege ya majini huko Durban, ndege ikapakiwa juu ya Kinfauns Castle, meli ya abiria iliyokuwa imefungwa mizinga na kugeuzwa manowari, ikaletwa mpaka kisiwa cha Nyororo karibu na Mafia. Pale ndege ilishushwa majini, ikarukia majini, ikarudi kutua majini. Kinfauns Castle ilikuwa manowari, na ilibeba ndege, na bado haikuwa kile tunachokiita manowari ya kubeba ndege. Kazi yake ilikuwa ya mchukuzi. (Königsberg yenyewe ilikuja kumalizwa Julai 1915, kwa meli mbili za mizinga zilizoingia mtoni huku ndege kutoka Mafia zikiwaelekeza wapigaji.)

Sasa ruka hadi Januari 1964. Wanajeshi wa Tanganyika Rifles wameasi, Mwalimu Nyerere ameomba msaada, na asubuhi ya tarehe 25 helikopta zinatua kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, zikishusha makomando wa Kiingereza. Zilitoka wapi? Zilitoka baharini, juu ya sitaha ya Centaur, manowari iliyokuwa imekuja kutoka Aden na kusimama nje ya Dar es Salaam hii hii. Centaur ilikuwa ndogo, tani elfu ishirini na kitu, wakati za Marekani za leo hufikia laki moja. Lakini ilikuwa na kila kitu: banda la ndege chini, lifti za kuzipandisha, manati ya mvuke ya kuzirusha, kamba za chuma za kuzinasa zinapotua. Wazee waliokuwa ufukweni siku ile waliona chombo halisi, na udogo wake haukuipunguzia jina.

Kama hayo hayatoshi, iko meli moja iliyoishi pande zote mbili za tofauti hii. Ilianza ikiitwa Jupiter, meli ya kusomba makaa ya mawe ya jeshi la majini la Marekani. Wakaijengea sitaha ya mbao juu, wakaipa jina Langley, na mwaka 1922 ikawa manowari ya kwanza ya aina hii nchini mwao, ikirusha na kupokea ndege. Marubani wao wa mwanzo wa baharini walijifunzia hapo. Miaka ya 1930 wakaikata sehemu ya mbele ya sitaha na kuifanya ya kuhudumia ndege za majini. Februari 1942 ilitumwa kupeleka ndege za vita 32 kisiwa cha Java. Ndege za Japani zikaikuta njiani, zikaipiga mabomu. Ndege 32 za vita zilikuwa juu yake, na hakuna hata moja iliyoweza kupaa kuitetea, kwa sababu sitaha haikutosha tena. Siku ile Langley ilikuwa inabeba ndege kwa maana kamili ya neno kubeba, na ndivyo ilivyokufa.

Watu wakisikia "kugeuza meli" hudhani ni kuilaza juu sakafu ya chuma na kazi imekwisha. Sakafu ndiyo rahisi. Dohani, bomba la moshi, iko katikati ya njia, na moshi wake wa moto unavuruga hewa pale pale rubani anapotaka kutua. Waingereza walipoichukua meli ya abiria ya Italia ambayo haijakamilika, Conte Rosso, wakaigeuza kuwa Argus mwaka 1918, ilibidi moshi uelekezwe kwa mifereji hadi tezini ili sitaha yote ibaki tupu. Kuna uzito: kila tani unayoiweka juu inaifanya meli iyumbe, na baharia yeyote wa jahazi anajua kwa nini shehena nzito huwekwa ngamani. Kuna mafuta ya ndege, yanayowaka kwa cheche. Kuna kasi, maana meli huelekeza omo kwenye upepo na kukimbia ili kuisaidia ndege kupaa, na meli ya mizigo haikujengwa kukimbia.

Hata hivyo vita vilipobana watu waligeuza. Mwaka 1941 Wamarekani waliichukua meli ya mizigo Mormacmail wakaifanya Long Island, ya kwanza katika kundi lao la manowari ndogo za kusindikiza misafara. Angalia mwisho wa jina lake la zamani: ni mail ile ile iliyotupa sisi neno meli. Mwaka huo huo Waingereza waligeuza meli ya mizigo waliyoiteka kwa Wajerumani, wakaiita Audacity. Haikuwa na banda la ndege kabisa. Ndege zake sita zililala juani na mvuani, na mafundi walizitengeneza usiku gizani juu ya sitaha.

Zilizonivutia zaidi, kwa sababu ya kazi niliyofanya, ni zile 19 zilizotumika Atlantiki kuanzia 1943. Waingereza walichagua meli za nafaka na za mafuta peke yake. Kwa nini hizo? Kwa sababu nafaka huingia na kutoka kwa bomba kupitia tundu dogo, na mafuta kwa mpira. Hazihitaji winchi wala milango mikubwa ya ngama, kwa hiyo sitaha ya ndege inakaa juu na mzigo unaendelea chini. Zilivuka bahari na ngano yao au mafuta yao, zikirusha ndege tatu au nne za kuwinda nyambizi na kuzipokea zinaporudi. Mabaharia wake walikuwa raia na bendera ilikuwa ya meli za biashara. Hizi zilirusha ndege na kuzipokea, na hazikuwa manowari. Yaani Kinfauns Castle kichwa chini miguu juu.

Serikali nazo zimechangia kuchanganya watu. Uingereza ilipojenga Invincible miaka ya 1970, waliiita kruza, aina ya manowari ya kawaida, ili jina la manowari ya kubeba ndege lisitajwe. Warusi nao yao waliiandika kruza, kwa sababu ya mkataba wa Montreux wa 1936 unaobana manowari za ndege kupita mlango bahari wa Uturuki. Japani inayo Izumo, mita 248, ambayo kwa miaka mingi iliitwa destroya (manowari ya kusindikiza) ya helikopta, na mwaka 2021 ndege za vita za Marekani zinazotua wima zilitua juu yake. Na Thailand wanayo Chakri Naruebet, ndogo kuliko Centaur, yenye mwinuko wa kurushia ndege pale omoni, lakini ndege zake za vita zilistaafishwa 2006 na zimebaki helikopta. Sitaha inakuambia ukweli kabla ya jina.

Lugha yetu ilikuwa na njia nzuri tangu zamani. Uwanja wa ndege una njia ya kurukia. Hatusemi njia ya kubebea. Ningependa tuseme manowari ya kurushia ndege, kwa sababu kiambishi kile kidogo kinaeleza kwamba ndege zinaondokea pale, na kinachoondokea pale kinategemewa kurudi pale. "Ya kubeba" imeshaenea magazetini na sitagombana na mhariri. Lakini anayelitumia ajue anachokisema.

Na yule kijana wa pantoni, tukikutana tena nitamwambia hivi: mdogo wangu, ile uliyopiga picha ni meli ya magari, inakwenda kufunga gati namba sifuri kushusha magari ya watu. Siku ikipita ya kijivu yenye mizinga na helikopta moja tezini, iite manowari tu, jina hilo linaitosha.