Subaru: Sifa Zisizo Zake na Lawama Zisizo Zake

Ukitaja tu kwamba unataka kununua Subaru, kila aliye karibu ana la kusema. Mmoja atakuambia injini yake ilitoka kwenye ndege za kivita. Mwingine atakuonya kwamba fedha zako zote zitaishia gereji. Wa tatu atataka kujua tangu lini umeanza uhuni. Mimi nayapenda magari haya, na ndiyo maana yananikera yote mawili, sifa za kubuni na lawama za kubandikwa. Sifa za uongo humfanya mtu anunue asichojua kukitunza. Lawama za uongo humfanya fundi atafute ugonjwa mahali usipokuwepo, huku ule wa kweli ukiendelea kuila injini.

"Injini ya boksa waliirithi kutoka kwenye ndege zao"

Ukoo wa ndege ni wa kweli. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, mhandisi aliyekuwa katika jeshi la majini la Japani, aliacha kazi na kuanzisha karakana ya ndege katika eneo ambalo leo ni mji wa Ota, mkoani Gunma. Kufikia Vita Kuu ya Pili, Nakajima ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa ndege nchini humo. Hata ile Zero, ndege ya kivita ambayo ulimwengu mzima huihesabu kuwa ya Mitsubishi, ilibuniwa na Mitsubishi, lakini zaidi ya nusu ya ndege zenyewe zilitoka katika viwanda vya Nakajima, na injini yake ya Sakae ilikuwa ya Nakajima.

Sasa tazama hiyo Sakae ilivyokuwa. Silinda zake zilipangwa kwa duara kuzunguka shafti, na zilipozwa kwa upepo. Boksa ni kitu kingine kabisa: silinda zimelala, nusu kulia na nusu kushoto, na pistoni zinazotazamana huenda nje pamoja na kurudi ndani pamoja, kiasi kwamba mtikisiko wa upande mmoja unafutwa na wa upande wa pili.

Baada ya Japani kushindwa vita ilikatazwa kutengeneza ndege, na kampuni ikavunjwa vipande vipande. Wahandisi waliobaki walitengeneza walichoweza kuuza. Skuta yao ya kwanza, Rabbit, iliyoanza mwaka 1946, ilijaribiwa kwa magurudumu ya mkia ya ndege ya mabomu ya Ginga yaliyobaki stoo. Mwaka 1953 kampuni tano kati ya vile vipande ziliungana kuunda Fuji Heavy Industries, kampuni iliyokuja kutengeneza magari ya Subaru. Ndizo zile nyota tano ndogo na moja kubwa unazoziona kwenye nembo, nyota za Kilimia. Gari lao dogo lililoingia kwenye nyumba za Wajapani wa kawaida, Subaru 360 la mwaka 1958, lilikuwa na injini ya silinda mbili yenye mipigo miwili, imewekwa nyuma. Haikuwa boksa. Boksa ilikuja mwaka 1966 na Subaru 1000, kwa sababu za gari na si za ndege: walitaka magurudumu ya mbele ndiyo yavute, na injini fupi iliyolala chini iliwaruhusu kuweka giaboksi nyuma yake kwa mstari ulionyooka.

Urithi wa ndege ulikuwa vichwani mwa watu. Shinroku Momose, aliyeongoza kazi ya 360 na ya 1000, alikuwa mhandisi wa Nakajima. Alipolichora 360 alihesabu uzito jinsi wanavyohesabu watu wa ndege: bodi inayojibeba yenyewe bila chesisi, paa la faiba, na gari zima chini ya kilo 400. Kwangu mimi hiyo ni hadithi nzuri kuliko ile ya kubuni.

Na boksa yenyewe hawakuigundua wao. Karl Benz aliipatia hataza mwaka 1896, na Volkswagen, Porsche na pikipiki za BMW ziliitumia kabla Subaru haijazaliwa.

"Ni gari la vijana wa mbio na wahuni"

Sifa hii imeshika sana Nairobi, ambako bluu yenye rimu za dhahabu na ekzosi ya kunguruma vimekuwa kitambulisho cha kundi zima la vijana. Najua ilikotoka. Colin McRae alikuwa bingwa wa dunia wa rali akiwa na Subaru Impreza mwaka 1995, akafuatiwa na Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003. Safari Rally yenyewe McRae aliishinda mwaka 1997, na mwaka 2000 Burns na Juha Kankkunen wakaileta Subaru nafasi ya kwanza na ya pili. Kabla yao Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka 1994 akiwa na Impreza, na mwaka mmoja nyuma alikuwa amelifikisha mwisho wa Safari gari dogo la Vivio la cc 660. Hayo mashimo na ile vumbi, ndani ya kigari cha cc 660! Kazi ya Njiru inastahili kutajwa mara nyingi kuliko inavyotajwa.

Lakini magari yale ya ubingwa yaliundwa Uingereza, mjini Banbury, na kampuni ya Prodrive, na ndani yake kulikuwa na vitu vingi ambavyo Impreza ya kununua dukani haikuwa navyo. Ile bluu na njano wanayoililia vijana ilikuwa rangi ya tangazo la sigara za 555. Hata mngurumo wa dugu-dugu ambao watu huuita sauti ya boksa hautoki kwenye boksa. Unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, ambayo hufanya moshi wa silinda za upande mmoja ufike kwenye makutano kwa kuchelewa. Legacy iliyotoka Japani mwaka 2003 ilipopewa mabomba yanayolingana, ilinyamaza, na boksa ilikuwa ile ile.

Uendeshaji wa magurudumu manne nao haukuzaliwa kwenye mashindano. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, ilitaka gari la kuwapeleka mafundi wake wa nguzo kwenye milima yenye theluji bila kuwapigisha baridi ndani ya jeep. Subaru ikawatengenezea, na kutokana na kazi hiyo ikaja Leone ya magurudumu manne ya mwaka 1972. Halikuwa gari dogo la kwanza duniani kuwa na mfumo huo, kwani Jensen ya Uingereza ilikuwa nao tangu 1966, ila Subaru ndiyo iliyoupeleka kwa watu wa kawaida na kwa bei yao.

Huko Marekani, soko lake kubwa kuliko hata Japani, kampuni ilipochunguza miaka ya 1990 ni nani hasa anayenunua, iliwakuta walimu, wahudumu wa afya, watu wa kompyuta na wapenda kupanda milima. Forester isiyo na turbo inayompeleka mwalimu kazini asubuhi ni Subaru halisi kuliko ile inayopiga kelele usiku wa manane.

"Subaru ni Toyota tu, imebadilishwa jina"

Toyota ina hisa zipatazo asilimia 20. Ilianza mwaka 2005 kwa kununua asilimia 8.7 kutoka General Motors, ambayo nayo iliingia baada ya Nissan kutoka. Kwa hiyo Toyota ni mwanahisa mkubwa, na Subaru inaendelea kuwa kampuni yenye viwanda na injini zake. Zaidi ya hapo, gari la michezo la Toyota 86 la mwaka 2012 lilijengwa kwenye kiwanda cha Subaru mkoani Gunma, likiwa na injini ya boksa ya Subaru. Mambo huenda pande zote mbili: vigari vidogo vya cc 660 vyenye nembo ya Subaru, tangu 2012, hutengenezwa na Daihatsu, kampuni iliyo chini ya Toyota.

"Injini yake ni mbovu, inaunguza gasketi"

Hapa ndipo penye madhara, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kasoro ilikuwepo kweli, na ina anwani. Injini ya lita 2.5 isiyo na turbo, EJ25, iliyouzwa kwa wingi Marekani tangu katikati ya miaka ya 1990, ilikuwa na gasketi dhaifu za silinda hedi, yaani zile zinazoziba pale hedi inapofungwa kwenye injini. Za mwanzo zilivuja kwa ndani na kuchemsha injini, na zilizofuata zilivuja oili na maji kwa nje. Dawa iliyokuja kuthibitika ni gasketi ya tabaka kadhaa za chuma. Wamarekani waliandika malalamiko yao mtandaoni kwa miaka mingi, na sisi tukayasoma.

Tatizo ni kwamba magari mengi yanayoletwa huku kutoka Japani ni ya lita 2.0, kwa sababu kodi ya barabara ya Japani hupanda gari likivuka cc 2000, na Wajapani wenyewe walinunua zaidi ya ukubwa huo. Injini ya ukubwa huo, EJ20, ni ndugu wa EJ25, lakini haikujipatia jina baya kwa gasketi kama ndugu yake. Ukisikia Forester ya 2.0 imechemsha, kabla ya kulaumu Japani, fungua rejeta. Mara nyingi utakuta maji ya bomba yenye kutu badala ya kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Halafu uliza iwapo aliyejaza maji mara ya mwisho alitoa hewa. Kwa kuwa injini imelala, hewa hujificha kwenye mfumo wa maji kirahisi, na rejeta nyingi za Subaru zina kizibo kidogo cha kuitolea juu yake. Fundi asiyekijua hujaza mpaka maji yamwagike, anafunga, na gari linaondoka na mfuko wa hewa karibu na hedi. Baada ya safari ya mlima, hedi imepinda na lawama imeenda kwa boksa.

Mwezi Januari 1989, kwenye kiwanja cha majaribio cha Arizona, Legacy lenye EJ20 ya turbo lilikimbizwa kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa, likisimama kwa mafuta na matengenezo tu. Ilichukua siku zipatazo 19. Injini mbovu haifanyi hivyo. Iliyotunzwa hufanya.

Kutunzwa ndiko kunakotufelisha. Mkanda wa taimingi wa EJ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na gari huingia bandarini likiwa karibu na kiwango hicho au limekipita. Mkanda ukikatika, katika nyingi ya injini hizi vali hukutana na pistoni, na hapo si suala la spea moja tena. Wanaoukimbia mkanda watafute injini za FB, zilizoanza kwenye Forester mwaka 2010, kwani hizo zina cheni. Nazo zina lao: baadhi ya za mwanzo zilikula oili kuliko kawaida, na kampuni ilifikia makubaliano na wamiliki wa Marekani walioishtaki. Kwa hiyo kijiti cha oili kichomolewe mara kwa mara, usisubiri taa ya dashibodi. Za turbo zimekusudiwa petroli ya juu ya Japani, ambayo ni ya oktani 100. Ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo, na mwenye turbo anayeikamua gari kila siku anailazimisha injini.

Lile la kwamba lazima injini ishushwe ndipo plagi zibadilishwe halina msingi. Ni kazi ya ufunguo mfupi, kiungo kinachopinda na subira.

"Mjapani hadanganyi kwenye ubora"

Mwaka 2017 Subaru ilikiri kwamba kwenye kiwanda chake cha Gunma, kwa zaidi ya miaka 30, ukaguzi wa mwisho wa magari ulikuwa ukifanywa pia na watu wasio na idhini iliyotakiwa. Karibu magari 400,000 yakaitwa kurudi nchini Japani. Uchunguzi ulioendelea uligundua pia kwamba takwimu za ulaji wa mafuta na moshi zilikuwa zikirekebishwa kwenye vipimo. Nawapenda wahandisi wa Ota, na hilo liliniuma, lakini liandikwe.

"Tairi moja likiisha, badilisha hilo moja"

Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu mawili unaweza kunusurika. Kwenye Subaru nyingi, mbele na nyuma vimeunganishwa wakati wote. Tairi lililoisha lina mzingo mdogo, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita. Tofauti hiyo inabebwa na klachi au difu ya katikati, ambayo husuguana bila kupumzika hadi iungue. Kampuni hutaka matairi yote manne yasipishane mzingo kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kila tairi, andika. Sisi tunaofunga tairi la mtumba la aina hii kulia na la aina ile kushoto, ndio tunaozua uvumi kwamba giaboksi za Subaru ni laini.

Si Subaru zote zinavuta kwa manne, hilo nalo lijulikane: Impreza za 1.5 zipo zinazovuta kwa mbele tu, na gari la michezo la BRZ huvuta kwa nyuma.

Kama unaenda kukagua la kununua, likiwa la magurudumu manne, liendeshe hadi injini na giaboksi vipate moto. Kisha tafuta uwanja wa lami, kata usukani hadi mwisho, na uzunguke taratibu kulia, halafu kushoto. Gari likishtuka-shtuka na kushikwa kama breki imebaki, klachi ya katikati imekwisha. Usilipe kabla bei haijashuka kwa gharama ya kuitengeneza.