Umeme wa kutibu uvimbe hautawali akili

Wapo wanaoamini kifaa cha umeme kikiwekwa kichwani, akili ya mtu hutekwa. Sivyo. Mawimbi ya umeme yanayotumika dhidi ya glioblastoma, saratani kali ya ubongo, hubadilika mara 200,000 kwa sekunde, kasi ambayo neva haziwezi kuifuata. Kinachovurugwa ni seli zinazogawanyika, na za saratani hugawanyika ovyo.

Marekani iliidhinisha tiba hii mwaka 2011, ikivaliwa juu ya kichwa kilichonyolewa, betri begani kama mkoba wa shule. Kero hiyo ndiyo inayowasukuma watafiti wa Uingereza kutengeneza kifaa kidogo cha kupandikizwa ndani. Muujiza haupo: katika jaribio kubwa la kifaa cha kuvaliwa, nusu ya waliokitumia pamoja na dawa waliishi zaidi ya miezi 20.9, badala ya 16 kwa dawa pekee.