Jinsengi nyekundu ya Korea: kinachotoka kwenye mvuke na kinachoandikwa kwenye pakiti

Wateja wengi hudhani jinsengi nyekundu na nyeupe ni mimea miwili. Mmea ni mmoja, Panax ginseng, ambao mzizi wake hutumiwa kama dawa ya asili. Kinachotofautiana ni namna mzizi unavyoandaliwa baada ya kuvunwa. Nyeupe kwa kawaida humenywa na kukaushwa. Nyekundu, ambayo Wakorea huiita hongsam, huoshwa tu na kuachwa na ganda lake, ikapikwa kwa mvuke wa nyuzi joto 90 hadi 100 kwa saa mbili au tatu, halafu ikakaushwa. Joto huunganisha sukari na amino asidi za mzizi na kuupa rangi ya kahawia yenye wekundu, kama linavyofanya kwenye ganda la mkate unaookwa.

Kazi hiyo ni ya karne nyingi. Xu Jing, mjumbe wa China aliyefika Korea mwaka 1123, alitaja jinsengi mbichi na iliyopikwa katika maandishi yake. Baadaye biashara ya hongsam ilishikwa na serikali, na ukiritimba huo ulifutwa mwaka 1996 tu. Mzizi unaothaminiwa kuliko yote ni wa miaka sita. Miaka yote hiyo mmea hukaa chini ya kivuli cha kujengwa, maana jua kali huuchoma. Mimi nikiona hongsam ya bei ya kutupa, naanza na mashaka.

Sasa tuingie ndani ya mzizi. Viambata vinavyochunguzwa zaidi ni jinsenosidi, yaani saponini za jinsengi. Kila moja ina kiini kinachofanana na mafuta, kilichopachikwa vipande vya sukari. Jinsenosidi iitwayo Rb1, iliyo nyingi katika mzizi mbichi, ina vipande vinne vya glukosi. Umbo hilo ni kubwa na halipiti kirahisi kwenye ukuta wa utumbo. Mvuke huondoa baadhi ya vipande, ndipo hupatikana Rg3 yenye viwili, pamoja na Rg5 na Rk1, ambazo katika mzizi mbichi ni haba au hazipo kabisa. Hapo ndipo nyekundu inapoachana na nyeupe kikemia.

Kazi haiishii kwenye sufuria. Bakteria wa utumbo nao huibangua Rb1 hadi kibaki kiambata K chenye glukosi moja, na hicho huingia kwenye damu kwa urahisi zaidi. Bakteria hao hawalingani kwa watu wote. Ndugu wawili wanaweza kunywa kikombe kilekile, mmoja akapata kiambata K cha kutosha, mwingine kidogo sana. Kwa hiyo jirani akisema imemsaidia, huenda anasema kweli, na wewe usione chochote.

Je, inasaidia nini hasa? Mamlaka ya chakula na dawa ya Korea Kusini inaruhusu watengenezaji waseme inasaidia kinga ya mwili, uchovu, mzunguko wa damu na kumbukumbu. Hayo ni madai ya chakula cha afya. Si madai ya kutibu ugonjwa. Kwa uchovu kuna ushahidi wa kiasi. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Korea Kusini kwa wagonjwa 438 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa kwenye tibakemikali: waliopewa hongsam walipungukiwa uchovu kuliko waliopewa vidonge vitupu, yaani visivyo na dawa, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Kwa nguvu za kiume, ambazo ndizo zinazouza pakiti nyingi, ushahidi ni dhaifu zaidi. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikuta kwamba jinsengi, ikipimwa dhidi ya kidonge kitupu, huenda inaleta nafuu ndogo mno katika usimamaji wa uume.

Ukisoma pakiti, usidanganyike na namba kubwa. “Miligramu 1,000” mara nyingi ni uzito wa mzizi au wa dondoo. Korea Kusini hupima jumla ya jinsenosidi Rg1, Rb1 na Rg3, na kwa kinga na uchovu kiwango chake ni miligramu 3 hadi 80 kwa siku. Pakiti isiyotaja jinsenosidi hata moja haikuambii unanunua nini. Na ile “jinsengi ya Siberia” ni mmea mwingine usio na jinsenosidi.

Kuna wanaopaswa kumuuliza mfamasia kwanza. Anayetumia dawa za kisukari anaweza kushukiwa na sukari. Katika utafiti mmoja, watu wenye afya walitumia jinsengi kwa siku 28, na kiasi cha midazolamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) kwenye damu yao kikapungua kwa takriban theluthi; dawa nyingine zinazovunjwa na kimeng'enya hichohicho cha ini zinaweza kupatwa na hali hiyo. Kwa varfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, matokeo yanagongana, hivyo anayeitumia asianze wala asiache jinsengi bila kupimwa damu. Mjamzito aiache. Anayekosa usingizi asiinywe jioni.

Kinachonitisha zaidi ni “jinsengi” inayofanya kazi ndani ya nusu saa. Mzizi huu hauna uwezo huo. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizionya kampuni nne zilizouza asali za nguvu za kiume, baada ya maabara kukuta ndani yake sildenafili au tadalafili, dawa za hospitali za nguvu za kiume, zisizoandikwa kwenye lebo. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akimeza mchanganyiko huo, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka hadi akafa, na daktari wa zamu asijue kwa nini kwa sababu kaambiwa “alikunywa dawa ya asili tu”. Ikitokea hivyo, nenda hospitali na pakiti yenyewe mkononi, na uombe tukio liripotiwe TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa Tanzania Bara au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Kilichobaki usikitupe, maana maabara itakihitaji.